Mti Mmoja, Hali Yake Njema

Siku Bwana Mita alipouona mti juu ya nguzo, alivua kofia yake, akautazama mti, akaitazama kofia, akaivaa tena. Halafu akaniuliza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula, "Tafadhali nieleze. Mti huu umetoka wapi?"

Nikasimama wima, nikamjibu kwa fahari, "Upo kwenye ripoti, Bwana. Upo tangu ulipokuwa na majani mawili."

Vijana wangu, nyie mliopewa kazi ya kulinda magofu na makaburi ya kale huku pwani ya Temeke, mmekuwa mkinijia hapa Buguruni mkiniuliza, "Mzee Anselmi, enzi za Mwingereza mlikuwa mnafanyaje?" Kila nikianza kuwasimulia, mke wangu Mama Rosi ananikata kutoka jikoni. Nikisema niliua nyoka wa hatua kumi, anasema, "Nne!" Nikisema mbu wa Mtondooni walikuwa wakubwa kama kuku, anauliza, "Kuku wa nani?" Basi nimeamua kuandika. Kwenye karatasi hanikati mtu. Yeye atasoma baadaye, apunguze anavyotaka.

Nitawaambia habari ya mti ule, kwa sababu kazi yote niliyoijua baadaye niliijulia pale. Yaliyotangulia yalikuwa mwandiko tu.

Na mwandiko nilikuwa nao! Mie ni mtu wa milimani, Mluguru, nilishuka mjini nikawa tarishi wa ofisi moja. Mchana nabeba barua, jioni naingia darasani chini ya taa ya karabai pamoja na wapishi, madobi na makuli wa bandarini, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa masikio. Nilipohitimu, mwandiko wangu ulikuwa mzuri kiasi kwamba herufi zenyewe zilikuwa kama zinapiga saluti. Mwalimu aliwahi kuniambia nipunguze mikia kwenye herufi y, inamwingia jirani.

Wakati huo Serikali ilikuwa imetunga sheria ya kulinda majengo ya kale, na mzungu mmoja akapewa kazi ya kuzunguka mwambao mzima kuyaandika. Watu walimwita Bwana Mita kwa sababu hakuwahi kuonekana bila utepe wa kupimia. Alipima kuta, alipima makaburi, na wapo wanaoapa alimpima mbuzi. Alihitaji mlinzi anayejua kuandika ripoti. Akanipa karatasi, akasema, "Andika: nguzo moja." Nikaandika. Akaitazama ile y ambayo haimo kwenye maneno hayo lakini niliiongeza kwenye jina langu la ukoo, akatabasamu. Kesho yake tukavuka Kigamboni, tukatembea hadi kijiji kiitwacho Mtondooni, kabla hujafika Kimbiji.

Pale pana gofu la msikiti lisilo na paa, na nyuma yake makaburi saba ya mawe ya matumbawe. Moja lina nguzo, urefu wake watu watatu wakipandiana mabegani. (Wawili, atasema Mama Rosi.) Juu kabisa ya nguzo limejengewa bakuli la kaure lenye michoro ya buluu, ambalo lilitoka ng'ambo enzi ambazo hata babu wa babu hakuzikuta. Watu walipaita Kaburi la Bibi. Jina la Bibi mwenyewe hakulijua mtu, ila Bi Mwanahawa, mwanamke mtu mzima wa pale kijijini, alisema analijua na hana sababu ya kulitangaza.

Bwana Mita akanipa seng'enge ya kuzungushia, lango, kufuli na ubao wa tangazo. Maandishi ya ubao niliyachora kwa mkono wangu, kwa rangi nyeusi: MAHALI HAPA PANALINDWA NA SERIKALI. NI MARUFUKU KUINGIA, KUGUSA, KUKATA, KUNG'OA AU KUONDOA KITU CHOCHOTE KILICHOMO HUMU.

Kabla hajaondoka nikamuuliza, maana nilifundishwa kuuliza, "Kitu chochote, Bwana?"

"Chochote."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo sana."

Basi. Mtu wa masomo ya jioni ukishamwambia hivyo, umemaliza.

Mwezi wa Shaabani ulipofika, nikiwa nimekaa kwenye kiti changu langoni, nikaona wanawake kama ishirini wanakuja wamejifunga kanga viunoni. Mbele yao Bi Mwanahawa, na chetezo cha udongo chenye makaa ya ubani. Nyuma ndoo za chokaa na mafagio. Nikasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Fungua."

"Haifunguliwi, bibi. Sheria."

"Tunakuja kumfagilia Bibi. Kila Shaabani tunafagia, tunang'oa magugu, tunampaka chokaa, tunafukiza, tunatoka. Anayeingia humu lazima atoke na konzi ya magugu mkononi. Hata bibi arusi anayekuja kuomba dua anang'oa konzi yake. Ndiyo desturi. Wewe unataka tufanyeje?"

"Kung'oa ndiko kulikokatazwa hasa," nikamwambia, na nikamsomea ubao wote, pamoja na nukta.

Bi Mwanahawa akausikiliza mpaka mwisho. Akawageukia wenzake. "Haya jamani, tumesomewa." Kisha akaniuliza polepole, "Na wewe, karani wa mawe, magugu utang'oa mwenyewe?"

"Mie nalinda, bibi. Sing'oi."

Wakacheka kicheko ambacho mpaka leo nikiwa naoga nakisikia. Tangu siku hiyo Mtondooni nzima wakaniita Karani wa Mawe. Wakarudi na ndoo zao. Mwaka wa pili wakaja, nikawarudisha. Mwaka wa tatu alikuja Bi Mwanahawa peke yake, akasimama nje ya seng'enge, akafukiza ubani wake upande ule upepo unakoelekea ndani, akaenda zake bila kunisalimu. Hilo liliniuma kidogo. Si sana, maana nilikuwa na ripoti ya kuandika.

Sasa njooni kwenye ripoti. Kila mwezi niliandika karatasi moja safi. Makaburi saba, hali njema. Ukuta wa kaskazini, hali njema. Bakuli moja la kaure, hali njema. Asubuhi moja nikaona juu ya nguzo, pembeni ya bakuli, kimche cha mkuyu chenye majani mawili, kimeletwa na ndege bila shaka. Nyie mngefanyaje? Mie nilipanda ngazi, nikakihesabu majani, nikashuka nikaandika: Mti mmoja juu ya nguzo, hali yake njema.

Msinicheke. Kimo humu au hakimo? Kimo. Ni kitu au si kitu? Ni kitu. Zaidi ya hayo, kwetu milimani mti unaoota kwenye jiwe watu wanaufurahia, wanasema hapo pana maji. Mwezi baada ya mwezi nikaandika: Mti mmoja, unakua. Mti mmoja, umefika kiuno. Mti mmoja, umemzidi mlinzi. Mbuzi wa kijiji, ambao zamani walikuwa wanakula kila kinachochipua mle ndani, nao nilikuwa nimewafungia nje kwa seng'enge. Nililinda sawasawa! Hakuna mti katika himaya yote ya Mwingereza uliolindwa kama ule.

Ripoti zile, nilikuja kujua, zilikuwa zinafika mjini zinafungwa kwa kamba nyekundu nzuri na kuwekwa kabatini. Bwana Mita mwenyewe alikuwa na magofu mwambao mzima na gari moja bovu. Alirudi Mtondooni baada ya miaka mitatu, na ndipo alipovua kofia na kuivaa tena.

Alipanda ngazi. Mizizi ilikuwa imeshuka ndani ya nguzo kama vidole ndani ya glavu, mawe yameachana, na bakuli limeinama kama mtu anayesinzia. Akatoa timazi, ule uzi wenye risasi nchani, akauning'iniza juu, akapima chini. "Imeinama inchi nne na nusu," akasema. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige.

"Kwa nini hukuung'oa ulipokuwa mdogo?"

Nikanyoosha kidole kwenye ubao. Akausoma wote. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliusoma kama mtu anayepaswa kuutii.

"Ndiyo," akasema. "Naona."

Akakaa juu ya ukuta mfupi, akaandika kwenye daftari lake kwa muda mrefu. Kisha akaniambia uamuzi. Nguzo haitavumilia mvua zijazo. Baada ya miezi miwili atarudi na lori na vibarua, watabomoa nguzo jiwe kwa jiwe, na bakuli litapelekwa mjini likahifadhiwe ndani ya sanduku. Kaburi litabaki chini, bila kichwa. Akirudi akakuta nguzo imara, hatabomoa. Lakini alivyolisema hilo, ni kama mtu anayesema kesho huenda samaki wakapanda minazi.

Siwezi kuwadanganya, hata mie ninayependa kunenepesha hadithi. Siku hiyo sikula. Si kuogopa kufukuzwa kazi. Tarishi anaweza kurudi kuwa tarishi. Kilichoniuma ni kwamba Bibi yule alisimama salama enzi zote hizo, amefagiliwa na wanawake wasiojua kusoma, akaja kuangushwa na msomi mmoja mwenye mwandiko mzuri.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Bi Mwanahawa. Alikuwa uani anakuna nazi. Pembeni yake amekaa kaka yake, Fundi Makame, mwashi wa chokaa, mtu mkavu, mrefu, aliyekuwa anagombana na dada yake tangu wazaliwe.

"Shikamoo, bibi. Shikamoo, fundi."

"Marahaba," akasema fundi. Bi Mwanahawa aliendelea kukuna.

"Karani wa Mawe," akasema mwisho, "umekuja kutusomea nini leo?"

"Sijaja kusoma, bibi. Nimekuja kuomba radhi. Na kuomba msaada."

"Unaanza na lipi?"

"Radhi."

Nikaomba. Nikaeleza mti, ripoti, timazi, lori, miezi miwili. Nilipofika kwenye maneno "umemzidi mlinzi", Fundi Makame aliinamisha kichwa, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia.

"Dada," akasema akijifuta macho, "huyu alikuwa anaandika afya ya mti! Kila mwezi! Kama mganga wa hospitali!"

"Makame, nyamaza. Mtoto wa watu anaungama." Akaweka mbuzi ya kukunia kando. "Mwanangu, ufunguo uko wapi?"

Nikautoa mfukoni. Nikampa. Hakuuliza kama nina ruhusa, na mie sikumwambia kwamba sina. Akaufunga kwenye pindo la kanga, akaliminya fundo, ikawa imekwisha.

"Sasa chokaa," nikasema kwa wasiwasi, maana angalau hilo nilikuwa nimesikia. "Wanasema chokaa ya kujengea inatakiwa ikae shimoni miezi na miezi ndipo iive. Hatuna muda. Nina mfuko wa saruji wa Serikali, umebaki nilipojenga nguzo za lango."

Fundi Makame akaacha kucheka. "Saruji? Njoo."

Akanipeleka mpaka kwenye lango langu mwenyewe. Pale chini nilipokuwa nimeshindilia saruji kwenye jiwe la zamani la kizingiti, akabandua kwa ukucha. Saruji ikatoka nzima kama kipande cha mkate, na uso wa jiwe ukatoka nao, umesagika kama sukari.

"Jiwe la matumbawe linapumua," akasema. "Linanyonya unyevu wa bahari, linautoa. Ukilipaka saruji umeliziba pua. Litakaa mwaka, wa pili linaoza ndani. Chokaa inapumua pamoja nalo. Umeona?"

Nimeona, fundi. Na nyie vijana, hilo muwe nalo kichwani kabla ya jina la mkuu wenu wa kazi: saruji kwenye jiwe la matumbawe, hapana. Akija mtu na mfuko, mpe kiti, mpe maji, mwondoe na mfuko wake.

"Basi tumekwisha," nikasema.

"Nani kasema?" Bi Mwanahawa alikuwa amekuja nyuma yetu. "Hebu nifuateni."

Nyuma ya nyumba yake, karibu na shamba la mihogo, palikuwa na kifusi cha mchanga kilichofunikwa makuti. Akaondoa makuti, akafukua kwa mkono. Chini yake palikuwa na shimo limejaa chokaa nyeupe, laini, inang'aa kama samli. Pembeni shimo la pili. Pembeni la tatu.

"Ya Shaabani tatu," akasema. "Kila mwaka tulichoma tanuri letu, tukaloweka. Ulituzuia kupaka. Kuchoma hukutuzuia."

"Lakini bibi, mlijua hamtaingia. Mlichomea nini?"

Akanitazama kama nimemuuliza kwa nini watu wanapika. "Mwezi ulifika," akasema.

Fundi Makame akatumbukiza kidole kwenye shimo la kwanza kabisa, akakitoa, akakisugua na gumba. Uso wake ukabadilika. "Dada, hii imeiva hata kuliko ile ya baba. Nisingeipata Pwani nzima." Kisha akanigeukia. "Karani, ungewaruhusu hawa wanawake wangeipaka yote ukutani. Ujinga wako umetulimbikizia chokaa. Usijisifu."

Sikujisifu. Najisifu sasa.

Kazi ilichukua siku nyingi, na niwaambie ilivyokwenda, kwa sababu kila mwaka mnanionyesha mahali mlipong'oa mti mkaondoka na ukuta. Mti uliokwisha kuingia ndani ya jiwe haung'olewi. Mizizi ndiyo iliyoyaachanisha mawe, na sasa mizizi hiyohiyo ndiyo inayoyashika. Ukiivuta unavuta nyumba. Fundi kwanza aliisimamisha nguzo kwa boriti nne za mikoko, akaizungushia kamba ya makumbi ya nazi, akaweka magunia katikati ili kamba isile jiwe. Halafu akauvua mkuyu gome kuzunguka shina, upana wa kiganja, akauacha unyauke wenyewe juu. Majani yalipokauka ndipo tukakata matawi, moja moja, na kila tawi likashushwa kwa kamba, hakuna kuangusha. Mizizi iliyo nje tukaikata fupi. Iliyo ndani ikaachwa ikauke, ife, isinyae, na kila ilipoachia nafasi fundi akajaza chokaa iliyochanganywa na mchanga wa bonde. Mchanga wa ufukweni una chumvi, achaneni nao. Kwenye nyufa kubwa akapachika vipande vyembamba vya matumbawe kama mtu anayejaza meno.

Wanawake walipokezana. Wengine wanaponda, wengine wanachota, wengine wanang'oa magugu ya miaka mitatu, ambayo yalikuwa marefu kiasi kwamba tulimpata humo mbuzi aliyedhaniwa kaibiwa. (Huyu Mama Rosi hana la kusema, mbuzi alikuwa wa shangazi yake. Ndivyo tulivyojuana. Habari hiyo si yenu.)

Hofu ilitupata siku moja tu. Tulikuwa tunakata tawi la mwisho, lile lililokumbatia bakuli. Fundi yuko juu ya ngazi na msumeno mdogo, mie na wanawake sita tumeshika kamba. Tawi likaachia ghafla kabla ya wakati wake. Nguzo ikatoa mlio, kama mtu mzima anayeinuka kitini, na boriti moja ikateleza hatua nzima kwenye mchanga.

"Msivute!" fundi akapiga kelele. "Msivute, msilegeze! Karani, usipumue!"

Sikupumua. Mpaka leo sijui kama nimewahi kuanza tena vizuri. Bi Mwanahawa akaacha kamba, akaenda taratibu, taratibu kabisa, akaweka mgongo wake kwenye ile boriti iliyoteleza, akachimbia visigino. Mama mtu mzima, mwembamba kama fito.

"Bibi, toka hapo!" nikamwambia.

"Nilipokuwa nje ulinikataza kuingia," akasema kwa sauti ya kawaida tu. "Sasa nimo ndani unanikataza kukaa. Makame, pigilia kigingi, mgongo unaniuma."

Fundi akashuka, akapigilia kigingi, boriti ikashika. Tawi likashushwa. Bakuli halikupata hata mkwaruzo. Bi Mwanahawa akajipangusa mchanga, akaniambia, "Haya, pumua."

Baada ya hapo ilikuwa kazi ya subira. Unapaka, unafunika kwa magunia mabichi ili jua lisikaushe haraka, asubuhi unamwagia maji kidogo, jioni tena. Mwisho ndipo wakampaka Bibi chokaa nyembamba mwili mzima, Shaabani au si Shaabani, wakafukiza ubani, na kila mmoja akatoka langoni na konzi yake ya magugu. Mie nilikuwa wa mwisho. Bi Mwanahawa alisimama pale na ufunguo wake. Nikarudi, nikang'oa, nikamwonyesha. Akanipisha.

Bwana Mita alirudi kama alivyosema. Lori lilikwama mara sita njiani, au mara sitini, inategemea mnamuuliza nani. Akafika amejaa vumbi, vibarua wanane nyuma na sanduku la mbao lenye nyasi ndani, la kuwekea bakuli. Alipopinda kona ya gofu la msikiti akasimama.

Nguzo ilikuwa nyeupe, inang'aa kwenye jua, haina mti. Mkuyu ulikuwa umelala pembeni, umekatwakatwa kuni.

Akatoa timazi, akapanda ngazi, akaning'iniza, akashuka, akapiga goti, akapima. "Inchi nne na nusu," akasema. Haikuwa imeongeza hata unywele. Akaigonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akagonga upande wa pili. Akaiegemea kwa bega, kwanza kidogo, kisha kwa uzito wake wote, na Fundi Makame aliyekuwa amesimama nje ya seng'enge akasema kwa sauti ya kusikika, "Asukume tu, akichoka atasema."

"Nani amefanya kazi hii?" Bwana Mita akauliza.

Nikampa ripoti ya mwezi. Niliiandika kwa usafi wa pekee, y zote nikazipunguza mikia. Aliisoma palepale, na najua aliisoma kwa sababu midomo ilikuwa inamcheza: Makaburi saba, hali njema. Bakuli moja, hali njema. Nguzo moja, imeinama, imara. Mti mmoja, umekatwa. Mashimo ya chokaa matatu, yamebaki mawili. Ufunguo mmoja, uko kwa Bi Mwanahawa.

Alirudia mstari wa mwisho. "Ufunguo wa Serikali?"

"Ndiyo, Bwana. Ukitaka kuuchukua, mwenyewe yule pale langoni. Mie siwezi."

Nilikuwa tayari kwa lolote. Sare nilikuwa nimeifua na kuikunja, iko mezani, ili akiitaka asisubiri. Alitazama langoni, akamwona Bi Mwanahawa amesimama na mikono nyuma. Akatazama sanduku lake la nyasi. Akawaambia vibarua walirudishe kwenye lori.

Halafu akaanza kutoka. Alipofika langoni, Bi Mwanahawa hakusogea.

"Karani," akaniambia bila kumtazama mzungu, "mwambie mgeni wako hajang'oa."

Fundi Makame akakohoa kidogo. Nikatafuta maneno ya adabu ya kumweleza Bwana desturi ile, lakini Kiswahili alikijua, hakuhitaji mkalimani. Akageuka akautazama ubao wangu, herufi kubwa, rangi nyeusi. NI MARUFUKU KUNG'OA. Akatazama magugu machache yaliyokuwa yamechipua tena kando ya kaburi. Akavua kofia. Akainama, akang'oa konzi moja, akaishika mbele ya kifua kama mtoto anayeonyesha mikono kabla ya kula.

Bi Mwanahawa akaikagua. "Na mizizi yake," akasema.

Akarudi, akang'oa na mizizi.

Ubao tuliushusha jioni ile. Ufunguo haukurudi kwangu hata nilipostaafu, wala sikuuomba. Sasa nyie nasikia mnakwenda Mtondooni wiki ijayo kukagua, mmepewa fomu mpya, mistari mingi, mizuri. Jazeni. Ufunguo anao mjukuu wake Bi Mwanahawa, nyumba ya pili kutoka kisimani, mrefu, mkali kama bibi yake. Msianze kumsomea mmetumwa na nani. Salimieni, ingieni, fanyeni kazi yenu. Na mkitaka kutoka, inameni.